Mzee wa Baraza na Njiwa Asiyeshuka

"Kafungwa!" alisema Mheshimiwa, akilipiga gazeti kwa kiganja mpaka chai ikaruka mezani. "Mzee wa baraza kafungwa jela kwa ajili ya simu!"

Hakuna aliyeshtuka. Kila asubuhi Mheshimiwa huanza na mtu aliyefungwa, aliyefumaniwa, au aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe. Jina lake ni Derek Tulip. Aligombea udiwani mara moja tu, akapata kura ya mkewe, na hata hiyo mkewe hajawahi kuithibitisha. Udiwani ukapita, cheo kikabaki.

"Simu ya wizi?" aliuliza Spana bila kuyatoa macho kwenye mkate wake wenye nyama ya nguruwe. Spana ni Alf Stobbs, fundi mstaafu wa mabasi, mtu ambaye hajawahi kukubaliana na jambo lolote kabla ya kumaliza kikombe cha pili.

"Ya kwake mwenyewe! Sikilizeni. Dada huyu aliitwa kwenye baraza, kesi ya jamaa aliyeiba magari ya aiskrimu. Akashindwa kuamua. Akaweka picha ya mshtakiwa mtandaoni, akaandika: jamani nisaidieni, ana hatia au hana? Kama ana hatia bonyeza moyo, kama hana bonyeza machozi."

"Matokeo?" Redio, mwenye mkahawa, aliuliza kutoka nyuma ya kaunta.

"Mioyo ilishinda. Na wa kwanza kubonyeza moyo alikuwa mama mzazi wa mshtakiwa. Aliona picha ya mwanawe tu, hakusoma maneno."

Mkahawa mzima ulicheka, yaani watu watatu. Wa nne alikuwa Leanne, mezani kwake karibu na dirisha, na yeye alicheka kwa midomo tu. Mvua ilikuwa inapiga kioo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kituo cha basi la kwenda mjini, na basi hilo, likija, lingempeleka mahakamani.

Leanne Raine hakuwa mtu wa kuongea. Alipanga makopo kwenye duka kubwa la njia panda, na akirudi nyumbani alikuwa na njiwa wake wa mashindano, aliowarithi kwa baba yake pamoja na banda. Siku barua ya mahakama ilipofika kumwambia kuwa jina lake limechaguliwa kwa bahati nasibu, yeye na wenzake kumi na mmoja wawe wazee wa baraza, wasikilize kesi na waseme ana hatia au hana, aliileta mkahawani kuuliza kama kuna namna ya kukataa. Hakukuwa na namna. Tangu siku hiyo wakamwita Jaji.

"Haya, Jaji," alisema Spana. "Wewe ndiye mwenye utaalamu. Huyo dada wa mioyo na machozi, tumfanye nini?"

"Sijui," alisema Leanne.

"Hajui! Serikali inamlisha sandwichi za bure wiki nzima, hajui!"

"Mwache mtoto wa watu," alisema Redio. "Kaapishwa. Haruhusiwi kusema kitu." Kisha akaja na birika, akamjazia Leanne kikombe ambacho hakikuwa kimepungua, akashusha sauti. "Lakini kipenzi, yule Purvis wa kesi yenu, ukimtazama usoni, si unaona kabisa?"

Redio ni Maureen. Ukimpa siri ukiwa unalipia chai, ukifika kituoni utaikuta inakusubiri.

"Unaona nini?" Mheshimiwa akadakia. "Uso ndio ushahidi siku hizi? Basi wewe ungeshanyongwa zamani."

"Nasema alichoma lile banda. Gazeti lako mwenyewe liliandika. Wamegombana na jirani yake miaka na miaka, kisa njiwa. Siku ya mashindano, banda la jirani liko tupu, ndege wote wako angani, linashika moto. Nani mwingine? Malaika?"

"Na yeye kajitetea vipi?" Spana akafuta midomo. "Eti nilikuwa nimekwenda kwa dada yangu bonde la pili, niko bustanini kwake, namngoja njiwa wangu aliyetua huko ashuke. Shahidi wako nani, Bwana Purvis? Njiwa. Aje apande kizimbani, ashike Biblia kwa ukucha."

"Dada yake je?" aliuliza Redio.

"Alikuwa sokoni. Kila mtu alikuwa sokoni isipokuwa njiwa."

Leanne alishika kikombe kwa mikono miwili. Ndani ya mfuko wa koti lake simu ilikuwa imezimwa kabisa, lakini aliihisi ubavuni kama kaa la moto.

Jaji wa kweli, yule wa mahakamani, alikuwa ameonya, tena kwa upole kama mtu anayemweleza mtoto: msitafute chochote kuhusu kesi hii, popote. Leanne alitii. Hakuandika jina la Purvis mahali popote. Lakini Jumamosi usiku, kitandani, alifanya anachofanya kila mfuga njiwa kabla ya kulala, alitazama njiwa. Wafugaji hurushiana vipande vya video, ndege wakitua, ndege wakichelewa, ndege wakikataa kushuka na mwenyewe akiomba kama mchumba aliyekosana na mpenzi wake. Hilo Leanne hakulihesabu kuwa mtandao. Kwake mtandao ulikuwa habari na matusi, na njiwa walikuwa njiwa tu.

Kikaja kipande kimoja kimeandikwa "Babu na jike mkaidi", kimepigwa na jirani wa hapo kutoka dirisha la juu. Mzee mwenye fulana anatikisa kopo la mahindi bustanini, anainua macho kwenye paa ambako jike la kijivu limetulia kama limelipia kodi. "Shuka, mama. Shuka basi, unaniua." Leanne akacheka peke yake gizani. Kisha akaona mlango wa kijani nyuma ya mzee, wenye kiraka cheupe. Picha ya mlango ule, wa nyumba ya dada yake Purvis, walikuwa wameoneshwa mahakamani. Na juu ya mapaa, mbali, ng'ambo ya bonde, moshi ulikuwa unaanza kupanda.

Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Mara ya pili alikirudisha kwa kidole chake mwenyewe, akatafuta na tarehe. Tarehe ilikuwa ile ile ya moto.

"Na kama..." alisema Leanne.

Wote waligeuka. Leanne kuanzisha mazungumzo lilikuwa tukio. Mheshimiwa alikunja gazeti kabisa.

"Na kama mtu hakutafuta? Yaani kaona tu."

"Kaona tu!" Spana akaangua kicheko. "Simu ilimrukia ikamng'ang'ania puani. Ofisa, nilikuwa nimelala zangu, mtandao ukanivamia! Acha zako, binti. Mimi gereji nilikuwa nafumania madereva wanaochezea simu kwenye usukani. Wote walikuwa wameona tu."

"Afungwe," alisema Mheshimiwa. "Sheria ni sheria."

"Wewe ulikamatwa ukikojoa nyuma ya ukumbi wa kanisa ukasema ni mvua," alisema Redio.

"Ilikuwa mvua!"

"Na kama alichokiona," Leanne alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno hata mafuta ya kikaango yaliishinda, "ni kitu cha kumsaidia mtu? Ambacho wote mle ndani hawakijui. Wala mawakili. Na leo ndiyo siku ya kuamua."

Redio aliacha nyama iungue kikaangoni.

Wiki nzima watu hawa walikuwa wamemwinda Leanne. Redio alimpa keki ya bure, na Redio hajawahi kutoa hata sukari ya bure. Mheshimiwa alimuuliza kwa mafumbo, kwa michezo ya kukisia, kwa "usiseme, tikisa kichwa tu". Spana aliwekeana dau na Mheshimiwa ni lini atateleza. Sasa ametelezea mikononi mwao, mzimamzima, na kilichofuata kilimshangaza Leanne mwenyewe.

Redio aliwasha mashine ya kahawa. Haikuwa na kahawa ndani. Ilinguruma tu.

"Sisikii kitu!" alipaza sauti. "Mashine hii bwana! Sisikii kabisa!"

"Mimi nasoma," alisema Mheshimiwa. Gazeti lilikuwa limepinduka, picha ya mwanasoka imesimama kichwa chini.

"Redio, zima hilo dude!"

"Sizimi! Aseme, kisha niulizwe mimi? Nani aliyesikia? Maureen. Maureen na mdomo wake! Mimi nina mkahawa, Alf, nina wajukuu!"

"Leo ndiyo umejua kuwa una mdomo?"

"Kumsikiliza nako ni kosa," Mheshimiwa alisema nyuma ya gazeti. "Nimesoma hapa. Yaani nadhani nimesoma. Binti, mimi sikuwepo. Nilikuwa chooni."

"Mko watu wa ajabu," alisema Spana. "Wiki nzima mlikuwa mnambana mtoto wa watu kama chungwa. Juisi imetoka, mnakimbia kulowa." Lakini na yeye, Leanne aliona, alikuwa amesogeza kiti chake nyuma kidogo.

Mashine ilipochoka ikanyamaza yenyewe. Hakuna aliyemtazama Leanne machoni.

"Sisemi kitu," alisema Leanne. "Sikuwa nataka kusema. Nilitaka kuuliza tu."

"Basi uliza," alisema Spana, sauti imepungua makali. "Uliza bila kesi."

Leanne alifikiri. Alikuwa amefikiri tangu Jumamosi, lakini peke yake, na fikra za peke yake huzunguka chumba kimoja. Angeweza kukaa kimya. Wangeingia kwenye chumba cha kuamulia, wangeketi kuizunguka meza, na yule mwenzao mwenye sauti, muuza mazulia, angesema kama alivyokwisha sema kwenye ngazi: huyu ni mkosaji, tumalize twende zetu. Leanne angeinua mkono aseme hapana, waulize kwa nini, naye asiwe na jibu la kusema kwa mdomo. Alijijua. Dukani kwao alikuwa akipishana na wateja kwa kuomba radhi hata waliomkanyaga. Wangemshinda kabla chai haijaisha. Na mzee wa fulana angekwenda jela kwa sababu jike lake lilikataa kushuka.

"Ukitaka kumwambia jaji neno," alisema, "unamwendea nani? Huwezi kusimama tu ukapiga kelele."

"Yule anayewapokea mlangoni," alisema Redio haraka, kisha akajiziba mdomo kwa taulo ya vyombo. Kisha akaitoa. "Yule mwenye joho jeusi. Shangazi yangu aliwahi kuitwa. Unaandika kikaratasi, unampa yeye, anampa jaji. Lakini mle ndani mkishafungiwa, mbele ya wenzako, usiseme. Kabla, kipenzi. Kabla."

"Na jaji akisoma?"

Mheshimiwa aliligeuza gazeti likae sawa, akalikunja, akaliweka chini ya kiti, kama vile yule dada wa mioyo na machozi alikuwa ameingia mkahawani na isingekuwa adabu kusoma habari zake mbele yake.

"Wewe hukupigisha kura," alisema hatimaye. "Jaji si mjinga. Ukimwendea mwenyewe si sawa na kukamatwa."

"Dakika hii ulisema afungwe," alisema Spana.

"Nilikuwa nasema yule!"

"Sheria ni sheria, ulisema."

"Alf, nyamaza!"

Basi lilitokea kona ya kanisa, taa zake zimewashwa ndani ya mvua. Leanne alisimama, akavaa kofia ya koti, akatafuta hela ya chai. Redio akamfanyia ishara ya mkono kuwa aache. Alifika mlangoni, akashika kitasa, kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alisema kwa sauti ambayo ingesikika hata mashine ikiwa imewashwa.

"Nisiporudi jioni, nani atanilishia njiwa?"

Redio alianza kukunja taulo, akaikunja tena, akashindwa pa kuiweka. Mheshimiwa alitazama viatu vyake.

Spana hawapendi njiwa. Kila mtu anajua hilo. Wamelichafua paa la gari lake miaka yote, naye amewaita panya wenye mabawa mbele ya Leanne na mbele ya marehemu baba yake. Alijikuna kidevu. Alikohoa.

"Wanakula nini hao washenzi?"

"Mahindi na mbaazi. Yako kwenye pipa la bati, ndani ya mlango kushoto. Asubuhi na jioni. Maji yabadilishwe." Leanne alifunga vifungo vya koti. "Na kuna mmoja mwekundu, jike, anakaa pembeni. Huyo lazima umsemeshe, bila hivyo hali."

"Nimsemeshe?"

"Ndiyo."

"Mimi. Nisimame bandani, na umri huu, nimsemeshe njiwa."

"Tafadhali, Mzee Alf."

Basi lilipiga breki ng'ambo, likafungua mlango. Spana alimtazama Redio, akamtazama Mheshimiwa, akiwangoja wacheke ili apate pa kutolea hasira. Hakuna aliyecheka.

"Nimwambie nini?" aliuliza.

"Chochote," alisema Leanne, akiingia kwenye mvua. "Isipokuwa kesi."