Mtu wa Kupatikana Nyumbani

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Jana nilikwenda Quionga kuposa. Mimi Cassimo, mkodisha viti wa harusi zote za Palma, mtu anayekalisha wenzake miaka nenda miaka rudi huku mwenyewe nimesimama! Sasa basi. Nimemtaka Zubeida, mjane, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Nikimfikiria nasahau kuhesabu viti.

Kaka yake, Bwana Tuaibo, alitupokea vizuri, mimi na mjomba. Kahawa, tende, heshima zote. Kisha akatoa lake la moyoni. Simu za mkononi, alisema, zimewafundisha watu uongo. Mtu anakwambia yuko njiani, amefika Awasse, na jogoo wake unamsikia akiwika hapo hapo nyuma ya nyumba. Yeye anataka shemeji wa kupatikana nyumbani. Atapiga wiki hii, aone.

Nikaitikia kwa kichwa. Nyumbani sina simu yoyote ila hiyo hiyo ya mkononi!

Tunatoka, nani anaingia? Nurdine! Jirani yangu, fundi wa pancha, tunatenganishwa na ua wa mianzi tu. Kofia mpya kichwani, mjomba wake nyuma. Naye anamposa Zubeida! Akanisalimia kwa furaha kana kwamba tumekutana sokoni. Hana haya. Nimerudi na chapa, basi dogo la abiria, nikiwa nimenuna njia nzima.

Lakini kabla ya kushuka nilishapata akili. Simu ya nyumbani!

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimenunua! Kwa Nélio, yule muuza vifaa vya umeme sokoni. Simu ya nyumbani isiyo na waya. Mama yake, yaani kile kitako chake, anakaa ukutani na laini tumboni. Mtoto, yule wa kuweka sikioni, unatembea naye. Na uzuri wake mkubwa: inakuonyesha nani anapiga kabla hujapokea. Namba, na jina pia ukiliandika.

Boksi lilikuwa limeshafunguliwa. Juu yake kuna picha ya mama mmoja na watoto wawili. Nikamuuliza Nélio mtoto wa pili yuko wapi. Akasema picha ni ya kupendezesha tu. Nikaridhika. Mimi si mtu wa kubishana na picha.

Kuifunga kumenitoa jasho. Karatasi ya maelezo ina lugha nyingi, yetu haimo. Nélio alisema ichajiwe usiku kucha kabla ya kutumika. Nikaichaji muda wa kunywa chai. Ikazima. Nikaichaji muda wa kula wali. Ikawaka kwa Kichina. Nikabonyeza, nikabonyeza, yakaja maandishi mengine yenye nukta tele. Nikabonyeza kwa hasira, ikaja na Kireno. Alhamdulillahi! Inaamini leo ni Januari mosi. Nimeiacha na imani yake.

Namba ya Bwana Tuaibo nimeipata kwa mjomba. Nimemwandika SHEMEJI. Kuwahi si kosa. Nimempelekea namba yangu ya nyumbani, kisha nikajiwekea sheria: namba yenye jina napokea, isiyo na jina nakata. Huwezi kujua, anaweza kuwa Nurdine anataka kuishughulisha laini.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

SHEMEJI hajapiga. Asubuhi iliita namba isiyo na jina. Nikakata. Ajabu! Mlio ukaendelea upande wa pili wa ua, na Nurdine akasikika akisema haloo, karibu, nani mwenzangu?

Nikapanda kiti kuchungulia. Nurdine naye ana simu! Mtoto sawasawa na wangu. Lakini hana mama! Nilicheka mpaka kiti kikayumba. Ana mtoto tu, na kikombe cha kumchajia. Tena kioo kimepasuka, hakionyeshi namba wala jina. Maskini, anapokea yeyote! Akaniambia Nélio kamuuzia rahisi, na kwamba inafanya kazi vizuri sana, wala haitaki laini wala saldo, yaani pesa ya kupigia. Jana tu alimpigia Bwana Tuaibo kumjulisha. Simu isiyotaka saldo! Nilimhurumia kwa kutojua kusema uongo.

Saldo yangu mimi inakwisha bila kumpigia mtu. Nimetia nyingine. Labda simu mpya zinakula sana.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Namba ile ile isiyo na jina. Asubuhi, nikakata. Adhuhuri, nikakata. Mara Nurdine akapiga kelele uani: Cassimo, simu yako! Nikamjibu kwamba simu yangu ninayo mkononi, ahsante. Akaita tena, eti ni mwanamke, ananiulizia mimi. Hila za kitoto! Anataka nitoke ndani ampelekee Tuaibo habari kwamba sikai nyumbani. Nikafunga mlango kwa komeo.

Kisha kioo changu kikaandika kwa Kireno kwamba laini inatumika. Kikabaki hivyo muda mrefu. Nadhani simu inajiandaa kwa ajili ya Tuaibo. Wakati huo huo Nurdine alikuwa uani kwake anacheka, anasema ndiyo, samaki wa nazi anampenda sana, na ndiyo, kuosha sahani anajua, mama yake alimfundisha. Anaigiza ili nione wivu! Mwanamume mzima, anaongea na plastiki.

Ili simu ishike vizuri nimemhamisha mama. Nimempigilia juu kabisa, kwenye ukuta wa upande wa Nurdine. Jioni Nurdine akanishukuru bila kuulizwa, eti na ya kwake sasa inasikika vizuri zaidi. Mnafiki.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Aibu!

Baada ya sala nilikaa kwa muuza kahawa, kona ya msikiti, mtoto mfukoni. Nilishapima, mpaka pale inashika. Ikaita. SHEMEJI! Nikapokea kwa sauti ya mtu aliyejinyoosha sebuleni. Tuaibo akauliza niko wapi. Nikasema nyumbani, nasoma. Na Nurdine akasema yeye pia yuko nyumbani, anaziba pancha.

Ndani ya simu yangu! Ndani ya sikio langu!

Nikamwambia atoke. Akajibu kwa upole kwamba yeye ndiye aliyetangulia kupokea, na akaniuliza mimi nimeingiaje kwenye simu yake. Tuaibo akauliza hapa ni kwa Cassimo au ni kwa Nurdine. Tukajibu kwa pamoja, kila mtu lake. Akasema ameshangaa tangu juzi: wanaume wawili wanamposa dada yake, na namba yao ni moja. Tunalala chumba kimoja? Muuza kahawa akachagua saa hiyo hiyo kuniuliza kwa sauti ya juu kama aniongezee kashata. Tuaibo akakata simu.

Tukaenda kwa Nélio, mimi mbele, Nurdine nyuma. Nélio wala hakuficha. Boksi lilikuwa na mama mmoja na watoto wawili. Wateja hupenda kununua kimoja kimoja, basi akawagawa. Simu ikiingia kwa mama, watoto wote wanalia, na yeyote anaweza kupokea. Kumbe siku zote hizi Nurdine anaongea kwa laini yangu, kwa saldo yangu! Nikamtaka amzime. Akasema mtoto kamnunua kihalali. Nikasema mtoto ni wako, maziwa ni yangu! Watu wakaanza kukusanyika, nikashika njia.

Njiani Nurdine alitaka kunieleza habari za yule mwanamke anayepiga. Sikumpa nafasi. Nilitembea haraka kuliko yeye.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Mpango mkubwa! Mtoto akiwa mbali na mama hana kazi. Na mama ana betri ndani, anavumilia bila umeme. Basi nimemng'oa ukutani, nikamfunga kwa kitambaa cha kapulana, nikambeba mgongoni mpaka kwa shangazi Mariamo, mwisho kabisa wa mji. Wanawake kisimani waliniuliza ni wa kike au wa kiume. Nikapita bila kujibu. Nimekaa barazani kwa shangazi tangu asubuhi. SHEMEJI akipiga nitasema niko nyumbani. Ni nyumbani kwa mtu, uongo uko wapi? Na Nurdine leo hapati hata mlio.

Siku tamu. Namba isiyo na jina ilipiga mara kadhaa. Nikakata kila mara, na safari hii hakuna aliyepokea! Shangazi akaniuliza kwa nini mtu mwenye simu ya kuonyesha anayepiga hataki kumjua anayempigia kuliko wote. Shangazi ni mtu wa zamani. Amenipa matapa ya majani ya muhogo, nimekula sahani mbili.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Jana Bwana Tuaibo alichoshwa na simu. Alipanda chapa pamoja na Zubeida, wakaja Palma wenyewe kuona nani anapatikana nyumbani. Wakiwa njiani walipiga kwa simu ya Zubeida kuulizia nyumba. Hawakupokelewa. Wakaulizia kwa watu mpaka wakafika. Kwangu, kufuli. Kwa Nurdine, mlango wazi, mwenyewe yupo, mikono imejaa gundi. Akawatandikia mkeka, akawapa maji.

Leo SHEMEJI amepiga. Nilikuwa nyumbani kweli, lakini hakuniuliza. Alisema, tena bila ukali, kwamba dada yake alishaolewa akafiwa, kwa hiyo neno ni lake mwenyewe, si la kaka. Na Zubeida huyo huyo ndiye aliyekuwa anapiga wiki nzima, kwa namba yake. Alikuwa ananitaka mimi! Mimi Cassimo! Aliwahi kuniona kwenye harusi moja nikimtafutia bibi kizee kiti kisichoyumba, akanipenda papo hapo. Lakini kila akipiga anapokea Nurdine. Na kila mara Nurdine alimwambia kweli, mimi siye, ngoja nikuitie. Akaniita. Nikafunga mlango kwa komeo. Basi wakawa wanaongea wakinisubiri. Wameongea mpaka wamependana.

Nilikaa chini. Nimelia. Ni shajara yangu mwenyewe, sioni sababu ya kujificha humu. Nilimpenda kweli, na kile kicheko sasa kitakwenda nyumba nyingine.

Baadaye nikatulia, nikajua kosa liko wapi. Ni la Zubeida. Kwa nini hakuniletea namba yake mapema nikaiandika jina?

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Harusi. Quionga. Viti vyangu vyote! Nurdine alikuja mwenyewe kuvikodi, akaomba nimpunguzie kwa ujirani. Nikampunguzia, sijui nini kilinipata. Nilimtengea bwana harusi kiti kimoja kibovu, mguu umeungwa kwa kamba, nikakiweka mbele kabisa. Lakini yeye hakukaa hata dakika, kila mgeni anampokea kwa miguu. Mimi nikachoka kusimama, nikakiona kiti kitupu, nikakikalia.

Zubeida alicheka. Alinisaidia kuinuka, akaniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana.

Jumatatu, tarehe 20 Oktoba

Nurdine amehama. Kwetu mume ndiye humfuata mke, basi amefungasha gundi na mipira yake na kwenda zake Quionga. Kabla ya kupanda chapa alipita kwangu, akaniwekea mkononi yule mtoto wake na kikombe chake. Alisema kule haishiki, akanishukuru kwa yote. Nimetafuta kejeli machoni pake sikuiona.

Nimewaza mchana kutwa ni nani aliyeshinda. Yeye ana mke. Mimi nina mama na watoto wote wawili! Palma nzima nani mwingine anao? Nimeshinda mimi, ukiangalia vizuri.

Alasiri shangazi Mariamo alikuja kunipa pole. Akasema kuna mwalimu hapa mjini, Yasmin, mjane, mpole, amemweleza habari zangu zote na bado hakukimbia. Amempa namba yangu ya nyumbani. Atapiga leo leo. Nimeoga, nimevaa shati la harusi, nimekaa karibu na simu.

Katika kungoja nimegundua jambo. Mtoto mmoja anaweza kumpigia mwenzake humu humu ndani, bila saldo! Yule wa Nurdine nikamwacha kitandani, nikambonyeza, nikakimbilia sebuleni. Wangu akaita. Kioo kikaandika INTERNO 2, yaani wa ndani namba mbili. Jina! Mtu anayejulikana! Nikapokea. Nikaenda kumchukua na yule mwingine, nikakaa katikati, mmoja sikio hili, mmoja sikio lile. Nikajiuliza hali. Nikajibu si nzuri sana. Nikajipa pole, nikaipokea.

Tulikuwa tumefika pazuri ilipoingia simu ya nje. Namba isiyo na jina. Nikakata. Ikarudi, nikakata. Watu hawana adabu, wanamwona mtu yuko kwenye mazungumzo.

Jioni imekwisha na Yasmin hajapiga. Kesho nitakwenda kwa shangazi, nimwambie wazi kwamba mwanamke asiyetimiza ahadi mimi simtaki.