Nilivyoolewa na Mkurugenzi Kikaoni

Leo uso nimeuficha kwenye mtandio, na mtandio wenyewe haukutosha.

Mimi ni katibu muhtasi wa kampuni ndogo ya utalii hapa Mji Mkongwe. Wiki nzima viganja vinaniuma kwa kuchapa. Asubuhi nikasema leo hii kibodi itanitii. Nikaikunja miguu yake ilale chini, nikapunguza kasi ya herufi kujirudia, mikono ikapumua. Kisha nikagundua kompyuta inaweza kunimalizia maneno: naandika herufi mbili, yenyewe inaandika zilizobaki. Mume wangu yuko Pemba kikazi na tunaandikiana kutwa. Basi nikaiagiza, nikichapa "mk", iandike "mume wangu kipenzi". (Fundi mkubwa mimi.)

Kikao kikaanza. Kompyuta yangu ikaunganishwa na projekta ili kila mtu auone muhtasari ukutani. Mimi huchapa bila kutazama skrini. (Nilikuwa najivunia hilo.) Na Mkurugenzi, tangu nianze kazi, huwa namfupisha "mk".

Nikachapa. Nikasikia kikohozi. Bi Mwanaidi, mhasibu wetu, makamo ya mama yangu, akaniinamia.

"Zuhura mwanangu, harusi lini? Mbona sie hatukualikwa?"

Nikainua macho. Ukutani, maandishi makubwa kama mlango:

"Mume wangu kipenzi amewakaribisha wajumbe. Mume wangu kipenzi amesema hakuridhika na safari ya Kizimkazi."

Nikajua kazi ndiyo imekwenda. Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma mpaka mwisho.

"Mke wangu akiyaona haya, n'talala hapa hapa ofisini," akasema.

Chumba kizima kikaangua kicheko, na yeye mwenyewe akashika mbavu.

Nikaeleza: viganja, kibodi, mume, Pemba. Mkurugenzi akaacha kucheka.

"Viganja vinauma wiki nzima na hukusema?"

Akaivuta kompyuta mbele yake, akachapa muhtasari uliobaki mwenyewe, kwa kidole kimoja. Kikao kikala mchana wote na hakuna aliyelalamika. Bi Mwanaidi akatoa mafuta ya karafuu mkobani, akanikanda viganja kimya kimya chini ya meza.

Sasa nnaandika haya bila maumivu, na nnawashukuru wote wawili kwa moyo wangu wote. Na kama kuna aliyeupiga picha ule ukuta, aifute tu. Nshamsamehe.