Ponti ya Kwenda Mitwaba

Jumatatu, 6 Oktoba

Hortense amepiga simu kabla sijanywa chai. Ni dada yangu mdogo, muuguzi katika kituo cha afya, kilomita thelathini kutoka Mitwaba. Jeep ya kituo imegonga kisiki na kuingia mtaroni. Kioo cha mbele, kwisha. Kapo, lile bati kubwa la kufunika injini, limejikunja kama daftari. Na ponti ya nyuma, chuma kizima kinachobeba magurudumu mawili, imevunjika. Shofere mzima, Mungu asifiwe. Wagonjwa sasa wanaletwa kwa baiskeli. Mvua zikianza njia itaharibika, na hakuna kitu kikubwa kitakachofika huko mpaka mwezi wa nne.

Akasema: Yaya (ndivyo anavyoniita mimi kaka yake), hii njo kazi yako. Kweli kabisa! Nani mwingine anauza piesi, vipuri vya magari ya kizee, hapa mtaani Kampemba? Yuko Michée, lakini Michée si kaka yake.

Kufika saa tisa nilikuwa nimezipata zote tatu, kutoka jeep moja iliyokufa zamani. Nimezileta nyumbani Katuba kwa mkokoteni. Annie, mke wangu, ameikuta ponti sebuleni. Akauliza kama itakula nasi.

Michée duka lake liko ukuta kwa ukuta na langu, miaka tisa sasa. Wateja wanamwita Directeur. Mimi wananiita "wewe". Leo amenipa mashauri bila kuombwa. Kioo kisafiri kimesimama, kisilazwe. Kapo livuliwe bawaba. Ponti imwagwe mafuta yote, izibwe kwa mbao ncha zote mbili, ifungwe juu ya magogo mawili ili isibiringike. Kisha kamioni, na kulipia nafasi. Nikamshukuru jinsi mtu anavyomshukuru polisi wa barabarani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda depo ya makamioni. Nimegundua wizi mkubwa! Hawapimi uzito. Wanapima nafasi. Kapo langu naliinua kwa mkono mmoja, lakini bei yake ni ya magunia manne ya unga. Nikauliza kwa nini. Karani akasema kwa sababu chini ya kapo hapawezi kukaa kitu kingine. Yaani chini ya kapo pana hewa. Yaani ninalipia hewa isafiri mpaka Mitwaba! Hewa huko hawana?

Nikarudi nyumbani kufikiri. Nikapata. Kioo nikakiweka ndani ya kapo, kapo juu ya ponti, nikafunga yote kwa kamba. Mizigo mitatu imekuwa mmoja! Jasho lilinitoka, lakini jasho la mtu mwenye akili.

Nikaurudisha depo kwa mkokoteni. Karani akachukua utepe wa kupimia. Akapima urefu wa ponti, upana wa kapo, kimo cha vyote pamoja. Mzigo mmoja ulikuwa mkubwa kuliko mitatu. Hewa ilikuwa imezaa.

Nikafungua kamba mbele ya watu. Sikuharakisha, ili waone kuwa nilikuwa najaribu tu.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo asubuhi, wazo safi. Kama hewa ndiyo ghali, tafuta mtu ambaye tayari amelipia hewa. Nani anayesafirisha hewa nyingi kuliko wote? Muuza magodoro!

Mama Falonne anapeleka magodoro sitini Mitwaba siku ya Ijumaa, kwa kamioni ya Mulenga. Wasichana wa bweni ndio walioyaagiza, wanalala kwenye mikeka tangu mwaka uanze. Nikamweleza kuwa magodoro yanayosimama hupinda njiani, na kitu kipana kilichonyooka kikiwa katikati, kama kapo, kama kioo, huyashika. Nikagusia na habari za dada yangu. Akatazama angani kidogo. Akakubali. Bure! Sikuamini masikio yangu.

Sharti moja tu. Ponti haitagusa mzigo wake. "Hata tone moja, Papa Donat. Pa hii matela kutalala bantu, hapana moteri." Yaani juu ya magodoro watalala watu, si injini. Nikaapa kwa kaburi la baba yangu, aliyepaka mafuta injini za treni miaka thelathini na moja.

Michée aliuliza kama nimemwaga mafuta ya ponti. Nikasema nimemwaga. Sijamwaga. Lita tatu safi kabisa, na huko mafuta hayapatikani. Yakae mle mle ndani, yasafiri bure. Mambo haya Directeur hawezi kuyaona. Yeye anaona vizibo tu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hortense amepiga tena. Hakulalamika, alisimulia tu. Jana mwanamke mmoja ameletwa kwa baiskeli, uchungu umemshika tangu alfajiri. Mume anasukuma, mama mkwe anashika mgongo. Kilomita ishirini na mbili. Mtoto amezaliwa mzima. Mama amepoteza damu nyingi, lakini yuko. Kisha Hortense akauliza, "Yaya, kesho kweli?"

Nikasema kesho kweli.

Nilipoikata simu nikakumbuka mbali. Nilikuwa na miaka kumi na tatu Hortense alipougua surua. Baba yuko kazini, mama ana mimba. Nilimbeba mgongoni kutoka Katuba mpaka hospitali. Alikuwa mwepesi, na hilo ndilo lililonitisha. Hata leo nikibeba kitu kikubwa kisicho na uzito, nakiangalia tena na tena kama bado kipo. Nilimwambia Annie. Akanimiminia chai, akasema basi mpe Michée kazi hii, yeye hachezi. Nikasema mimi pia sichezi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku ya kupakia. Kioo na kapo vimeingia kati ya magodoro kama barua ndani ya bahasha. Nilitaka kupiga picha.

Ikabaki ponti. Mulenga akasema chini pote pana saruji ya mtu mwingine, ponti itafungwa nyuma kabisa, nje, na nje nako kuna bei yake. Bei! Nilikuwa nimefika mpaka hapo bila bei! Nikafikiri. Ponti ni kitu kimoja tu. Magodoro ni sitini. Mulenga alipokwenda kula maandazi, niliwaita wasukuma mkokoteni wawili. Tukaifunika ponti kwa nailoni, juu ya nailoni pazia la zamani la Annie, tukaisimamisha katikati ya magodoro. Haikuonekana hata ncha. Kamioni imeondoka saa nne. Niliipungia mkono mpaka ikapinda kona.

Niliwaza kidogo juu ya kaburi la baba. Lakini nailoni ilikuwa mpya.

Jumamosi, 11 Oktoba

Msiba.

Mulenga amepiga simu kutoka Likasi, alikolala, saa moja asubuhi. "Papa Donat, uliweka nini mu mizigo yangu? Kamioni nzima inanuka garage." Ponti imeanguka njiani, mafuta yametokea kwenye ncha. Magodoro kumi na manne. Ameyashusha yote kwa shemeji yake, pamoja na ponti, na kuendelea na safari. Kapo na kioo viko salama, vinaenda. Lakini gari lenye kapo jipya na kioo kipya, halina ponti, ni nini? Ni sanamu ya gari.

Mama Falonne amekuja dukani saa tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa, akaweka mikono mapajani. Akasema alinikubalia kwa sababu nilimwambia habari za dada yangu, na yeye pia alizaa watoto wake wote mbali na hospitali. Watu wakapita, wanatuangalia. Michée akazima redio yake kule upande wa pili wa ukuta. Alikuwa amesikia yote.

Nikasema nitayafua. Akasema, "Utafua." Akaondoka.

Wingu kubwa jioni, upande wa kaskazini.

Jumapili, 12 Oktoba

Kwenye misa sikusikia neno. Wote walipiga magoti, mimi nilibaki nimesimama peke yangu kama mnara. Annie akanivuta koti.

Tulipofika nyumbani, pickup ya Michée ilikuwa mlangoni. Yeye bado na suti ya ibada. "Papa Donat, simama twende. Mvua haingoje muntu." Nilitaka kusema nilikuwa na mpango wangu. Sikuwa na mpango wangu.

Njiani kwenda Likasi hakunikemea. Hilo lilinichosha zaidi. Baada ya muda nikamwuliza kwa nini anajisumbua, piesi si zake, dada si wake. Akapunguza mwendo, akakwepa shimo. Kisha akasema, macho barabarani: "Mutoto wetu wa kwanza alizaliwa mu njia ya Mitwaba. Mu kamioni, mu matope. Gari ya kituo ilikuwa imekufa. Hatukufika naye." Akabadilisha gia. "Sasa angekuwa anamaliza sekondari."

Miaka tisa, ukuta mmoja. Najua anavyokohoa. Najua anavyohesabu skrubu kwa sauti. Hili sikulijua. Nikasema pole. Akasema aksanti.

Kwa shemeji wa Mulenga alivua koti la suti, akalitundika kwenye mlango wa pickup. Akamwaga mafuta kwenye bidoni, dumu la plastiki. Akachonga vizibo viwili vya mbao, akavigonga, akafuta chuma chote kwa kitambaa. Magogo mawili chini, kamba, fundo. Nilishika pale aliponiambia nishike. Ilichukua muda wa kupika ugali. Mchana huo huo ponti ilipanda kamioni ya mahindi inayorudi tupu kaskazini, Mitwaba. Inarudi tupu kila wiki, na kwa hiyo inabeba kwa bei ndogo. Michée anaijua toka zamani. Angeniambia Jumatatu kama ningeuliza ni kamioni gani.

Tulirudi na magodoro kumi na manne. Njia nzima tulinuka gereji.

Jumanne, 14 Oktoba

Tunafua. Annie amevua vifuniko vyote, vimetundikwa mpaka kwenye uzio wa jirani. Anasugua kwa nguvu kuliko mimi. Mikono yake imekuwa myekundu. Nilimwambia apumzike. Akasema wasichana wa watu wanalala chini.

Mama Falonne amekuja kukagua. Ananusa godoro moja moja. Amechukua kumi na moja. Matatu yamebaki kwangu. Nitayanunua. Mawili tumeyaweka chumbani. Yananuka kidogo ukigeukia kushoto.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hortense! Saa mbili asubuhi. Hakusalimu hata. "Sikiliza, Yaya." Kisha nikasikia injini. Ikakohoa, ikashika, ikanguruma. Nyuma yake watu wanapiga vigelegele. Kioo hakina mkwaruzo, kapo limeingia kama lilizaliwa pale. Jana mvua ya kwanza imenyesha. Ponti ilifika masaa sita kabla yake.

Nilimpa Annie simu asikie naye. Alisikiliza, akafuta macho kwa kanga, akasema ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Kisha Hortense akauliza nani aliifunga ile ponti, kwa maana fundi wao hajaona kazi safi namna ile. Nikasema ni mambo ya uzoefu. Sikusema uzoefu wa nani.

Neno hilo nilitembea nalo mpaka mchana. Nikavuka kwa Michée. Nikamwambia Hortense anakusalimu sana. Hakuwa amemsalimu, lakini angemsalimu kama angejua. Michée aliacha kufuta karburata. Akauliza kama gari imekwisha kubeba mtu. Nikasema leo asubuhi, mwanamke mmoja, amefika vizuri. Hilo lilikuwa kweli, Hortense alikuwa ametuma ujumbe. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kufuta karburata. Nikarudi upande wangu polepole.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mteja mpya! Mtu wa Kolwezi anataka kabini nzima ya pickup: paa, milango, viti, kila kitu. Depo wanataka bei ya chumba. Na kweli ni chumba! Kina mlango, kina madirisha, na ndani hakuna mtu. Nimewaza tangu asubuhi. Mama Chilufya wa kule sokoni anapeleka Kolwezi vifaranga mia tatu wa siku moja, na anatafuta mahali pa joto pa kuwasafirishia. Vifaranga watapanda ndani ya kabini, na yeye atailipia nafasi yote!

Annie ameuliza kuku watafanya nini juu ya viti. Nikamwambia viti vinafutika.

Michée amesema hakuna haja, iko kamioni ya mtu anayemjua, inarudi Kolwezi tupu kila Jumatano. Nikamwambia asante, mara nyingine.

Tunapakia kesho. Kioo cha dirisha la kushoto hakipandi mpaka juu. Si neno. Kifaranga wa siku moja atajuaje njia ya kutokea?