Usipike Leo

Jumatatu, 7 Julai 2025. Mbinga.
Kahawa imeiva, wachumaji hawatoshi, na mke sina. Edina yuko kwao Mbamba Bay tangu tulipomzika mwanetu mchanga, Glorious, mwezi wa tano. Alisema anakwenda kupumzika. Kupumzika gani huku! Leo nimepata mbinu. Anampenda Mzee Nathanieli Mbawala kuliko mwanamuziki yeyote. Nitampeleka mzee mwenyewe ukweni, na gitaa lake, aimbe "Usipike Leo". Mke gani atabaki kwao baada ya hapo?

Jumanne, 8 Julai.
Nimempigia simu shemeji Cleopa, kaka yake Edina. Akaniuliza kama wimbo ule naujua. Mimi! Nimeucheza tangu ujana. Baa nzima tunauimba: usipike leo, mama, usipike leo, majirani wanakuja. Sherehe tupu. Cleopa akasema niusikilize kuanzia mwanzo. Anajifanya kamzaa yeye huyo mzee, kisa wanasali kanisa moja. Wivu! Nani husikiliza mwanzo? Mwanzo ni wa kutafutia mtu wa kucheza naye.

Alhamisi, 10 Julai. Liuli.
Nimefika kwa mzee na jogoo. Nikatoa shikamoo ya heshima zote. Amekonda, vidole vinatetemeka, lakini gitaa ukutani halina vumbi. Nilipoutaja wimbo akaniuliza nani amefiwa. Nikasema tulifiwa na mtoto, ndiyo, lakini hayo yamepita, sasa nataka mke afurahi. Akasema watu wa baa wanaujua kiitikio, kwaya wamechukua sauti wakatia maneno yao, na redioni humkata kabla hajafika alikokuwa akienda. Atakuja, akasema, kwa ajili ya mama wa mtoto. Ushindi! Jogoo kafanya kazi.

Jumamosi, 12 Julai. Mbamba Bay.
Balaa. Mzee aliketi uani kwa mama mkwe akaanza kutoka mwanzo. Akaimba: udongo wa kaburi haujakauka. Maziwa yanauma, wa kunyonya hayupo. Ndipo kikaja kiitikio: usipike leo, mama, majirani wanakuja na chakula. Nilikuwa nimeshainuka kucheza. Peke yangu! Nikashusha mikono polepole, kama mtu aliyekuwa akifukuza nzi.

Wanawake wa jirani waliposikia wimbo ule wakajua pana msiba. Wakaja wamejifunga kanga, na ugali wa muhogo, na usipa, dagaa wa ziwani, na kuni vichwani. Mama mkwe hakuwarudisha. Wakaketi chini na Edina. Akalia kilio ambacho sikukisikia hata siku ya mazishi. Akawaambia, mimi nikiwa pale pale, kwamba siku ile alitoka makaburini nikamuuliza mbona jiko limezimwa. Wote wakanigeukia. Nikasema nilikuwa na njaa. Ni kweli, nilikuwa na njaa.

Nililia na mimi, nyuma ya banda la kuku. Glorious alikuwa anapenda kunishika kidole hiki cha shahada, hataki kukiachia. Cleopa akanikuta. Nikamwambia ni moshi. Akasema leo hapa nyumbani hakuna moto uliowashwa.

Jumapili, 13 Julai. Mbinga.
Nimerudi peke yangu. Edina anabaki. Njia nzima nimewaza kosa liko wapi, nimeliona. Mzee amezeeka, anaanza polepole mno. Safari ijayo napeleka bendi ya vijana, wapige kiitikio tu.

Nyumba kimya. Nepi moja ya Glorious bado iko kwenye kamba. Naipita kila siku, siwezi kuigusa.

Njaa inauma. Nimempigia Edina kumuuliza unga uko wapi. Akanielekeza kwa upole: ndoo ya bluu, chini ya kitanda cha mtoto. Nikauona. Nikamuuliza, sasa huo ugali anakuja lini kuupika?

Simu ikakatika. Mtandao wa huko ziwani mbovu sana.