Kipimo cha Mikono Juu

Jumatatu, 18 Desemba

Mwaka huu sijakosa ibada hata moja. Naandika kwa herufi kubwa ili atakayeokota shajara hii aone vizuri: HATA MOJA!

Sawa. Nimekosa. Nimekosa zote isipokuwa ya mazishi ya kinyozi, na hiyo nayo nilikwenda kwa sababu suti ya marehemu niliishona mimi, nikataka kuona imemkaaje. Ilimkaa vizuri. Hakulalamika.

Leo bibi yangu, mke wangu wa ndoa, amesimama mlangoni mwa karakana, mikono kiunoni. Anasema kuanzia kesho hadi Krismasi kuna maombi kila jioni, na nitakwenda yote. Nikamwambia huu ni msimu, nguo za watu zimefika juu ya kabati, Mungu mwenyewe anaona. Akajibu kwamba Mungu anaona tangu Januari. Nikamwambia Mungu aliumba dunia kwa siku sita, sikatai, lakini hakuwa na mama wa mapacha mlangoni anayeuliza magauni yako wapi.

Hakucheka. Akatoa hukumu. Nikikosa jioni moja tu, au majoho ya kwaya yasipokuwa tayari asubuhi ya Krismasi, anahamia kwa dada yake na anaondoka na cherehani. Cherehani ni yake, aliachiwa na mama yake. Mimi ni dereva tu.

Najua kinachomuuma. Miaka yote anaimba mstari wa nyuma. Krismasi hii, kwa mara ya kwanza, amepewa beti mbili aimbe peke yake. Anataka niwe pale, macho wazi.

Majoho sijayagusa. Kitambaa ninacho tangu Novemba. Nimekikunja vizuri, nakikalia.

Lakini mimi kutishwa? Mungu atapata muda wake, mteja atapata nguo yake, na nione atakayenizuia!

Jumanne, 19 Desemba

Mpango wa kwanza: kumpelekea Mungu muda wake pamoja na kazi yangu. Gauni dogo la pacha mmoja chini ya koti, sindano kwenye ukosi. Nikaketi benchi la mwisho, nyuma ya nguzo. Mchungaji anaomba, mimi napinda pindo. Tulikwenda pamoja vizuri sana. Kila akisema "na tena, ee Bwana," nami natia mshono mwingine.

Akasema tusimame. Nikasimama. Gauni nalo likasimama. Nilikuwa nimelishona kwenye suruali yangu, pale gotini, na kazi yangu haifumuki ovyo.

Mlangoni alikuwa Fundi Kioo. Huyu ana duka la kushona mkabala na langu, na jina amelipata kwa kile kioo kirefu alichokiweka: watu wanaingia kujitazama, wanaona haya kutoka bure, wanaagiza nguo. Ushonaji gani huo! Kanisani ndiye mpokea wageni. Akaja, akainama, akanong'ona kwa sauti ya kusikika benchi tatu: "Babu, huyo mjukuu gotini amebatizwa?"

Benchi tatu zikacheka. Nimemwandika hapa ili nisimsahau.

Jumatano, 20 Desemba

Leo bibi kanipekua kabla ya kutoka. Katoa sindano, mkasi, uzi, hata kifungo kimoja ambacho mimi mwenyewe sikujua ninacho. Tepe ya kupimia hakuigusa. Imekaa shingoni mwangu zamani sana, kwake ni kama ndevu.

Mchana nilimwendea mchungaji. Nikamweleza kwamba kazi ni sala, kwa hiyo anayeshona mchana kutwa ameomba mchana kutwa. Akafurahi! Akasema ni maneno mazito, mzee wangu, atayatumia kwenye mahubiri. Nikaona nimeshinda. Akaongeza kwamba ikiwa kazi ni sala, basi sala nayo ni kazi, tuonane kazini jioni. Hawa waliosoma ndivyo walivyo. Wanakukubalia kwanza, kisha wanakunyonga. Mimi niliondoka shule mapema, la sivyo ningekuwa hatari.

Mwalimu wa kwaya naye kapita kuulizia majoho. Nimemwambia yamebaki mambo madogo madogo. Sikudanganya. Imebaki kupima, kukata na kushona.

Alhamisi, 21 Desemba

Shida ndiyo hii: nikiwaita wanakwaya kuwapima, watajua sijaanza. Wakijua, bibi atajua. Bibi akijua, cherehani inapanda mkokoteni.

Lakini kichwa hiki! Jioni, kwenye maombi ya kuhitimisha, kwaya yote inasimama mbele, inafumba macho na kuinua mikono. Wanakaa hivyo muda mrefu kuliko mteja yeyote aliyewahi kutulia mbele yangu. Na tepe ninayo shingoni!

Nikashuka kwa magoti, nikapita nyuma yao taratibu. Kwapa hadi kisigino. Kiuno hadi kiganja, hapo nikinyanyuka na kushuka tena. Vipimo nikaviandika kwa chaki ndani ya koti. Muuza nyama, yule wa sauti ya besi, alipohisi mkono kiunoni alipiga ukelele kwamba ameguswa. Kweli aliguswa. Sikuona sababu ya kumpunguzia baraka.

Bibi sikumpima. Mwili ule naujua bila tepe.

Nilipomaliza nikakuta mchungaji amefumbua jicho moja, ananitazama pale chini. Nikafumba yangu mawili haraka, nikasema amina kwa nguvu.

Jumamosi, 23 Desemba

Kukata jana, kushona leo. Jioni zote mbili nimekwenda maombi. Nimesinzia nikiwa nimepiga magoti, jambo ambalo kwa mbali linafanana na unyenyekevu.

Bibi anafanya mazoezi jikoni. Nikisimamisha cherehani ili nimsikie, ananyamaza. Nikikanyaga tena, anaendelea. Kwa hiyo sauti yake bado sijaisikia, nimesikia cherehani tu yenye mwanamke ndani.

Aliniletea chai, akaiweka kando ya cherehani. Nikamuuliza anaogopa nini, si beti mbili tu. Akasema haogopi kuimba. Anaogopa kumaliza, atazame benchi langu, anikute nahesabu vifungo vya watu. Nikamwambia maneno gani hayo! Nilikuwa natazama vifungo vyake.

Jumapili, 24 Desemba

Yamekwisha! Nimeyafikisha baada ya maombi, yamepigwa pasi, yamefungwa kwa utepe. Mwalimu wa kwaya alitaka watu wajaribu palepale. Nikakataa. Nikasema joho la kwaya halijaribiwi kabla ya asubuhi ya Krismasi, ndivyo mafundi wote wa zamani wanavyojua. Nimetunga hapohapo. Ukweli ni kwamba nilitaka kwenda kulala. Fundi Kioo alikuwa karibu, akaitikia kwa kichwa kama anayejua. Mwongo mkubwa.

Jumatatu, 25 Desemba

Nilisikia kelele kabla sijafika chumba cha kwaya. Ndani kumekaa watu wenye nundu! Vitambaa vimejikusanya mabegani, kola zimemeza masikio, mapindo yanafagia sakafu. Muuza nyama alikuwa kama godoro lililokunjwa. Mwalimu wa kwaya akanishika ukosi, machozi yakimlenga, akaniuliza nimefanya nini, babu, nimefanya nini.

Bibi akanitazama tu. Kutazamwa hivyo ni kubaya kuliko kushikwa ukosi. Joho lake peke yake lilikuwa limemkaa vizuri, kama limemwagwa mwilini.

Hapo nikaelewa. Nikamwendea muuza nyama, nikainua mikono yake miwili juu. Nundu ikatoweka. Kola ikarudi shingoni. Pindo likapanda hadi kifundo cha mguu, sawasawa kabisa. Niliwapima mikono ikiwa juu!

Ningeomba radhi, lakini kengele ilishalia. Nikawaambia kwa sauti ya mtu aliyepanga: inueni mikono, msiishushe hadi mtoke. Mwalimu wa kwaya alifungua kinywa. Nikamuuliza kama ana fundi mwingine hapo mfukoni.

Wakaingia mikono juu. Wakaimba mikono juu. Wimbo wa pili mikono ikaanza kuwatetemeka kwa uchovu, kanisa likadhani ni Roho. Kina mama wakainua yao. Wazee wa kanisa wakainua yao. Fundi Kioo akainua yake akiwa ameshika kapu la sadaka, tukamsaidia kuokota.

Kisha bibi akasogea mbele. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kushusha mikono, naye akaishusha. Amesimama wima, wote nyuma yake kama msitu. Ubeti wa kwanza nilikuwa natazama bega la kushoto, nikasema moyoni mshono huo ni wangu. Ubeti wa pili nikasahau bega. Sijui nilisahau vipi. Alipomaliza alitazama benchi langu, akanikuta.

Macho yalikuwa na maji kidogo. Ni vumbi la vitambaa. Fundi yeyote atakuambia.

Nyumbani ameniuliza mbona lake tu liliruhusu mikono kushuka. Nikasema kwa sababu yeye hakupimwa. Akauliza wenzake walipimwa lini. Nikakohoa. Akaitazama tepe shingoni mwangu, akanitazama mimi, akaketi kitandani, akacheka hadi akashika ubavu. Baadaye akasema dada yake yuko salama tu, hana haja ya mgeni.

Jumanne, 26 Desemba

Asubuhi Fundi Kioo kavuka barabara. Kwa upole! Wateja wake wanataka joho kama la kwaya, aniulize tu, babu yangu, lile nimelikata vipi. Nikamwambia ni maombi. Akarudi kwenye kioo chake.

Mwalimu wa kwaya nyingine kaja kuagiza. Nimemwahidi Mwaka Mpya. Nikamwambia wanakwaya wake wasisumbuke kuja kupimwa, mimi nitapita kwao kwenye maombi.

Furaha ikaishia hapo. Mchungaji kapita na tabasamu. Kwa moto ulioshuka jana, maombi ya jioni yanaendelea hadi Mwaka Mpya, na yatakuwa marefu. Mimi nimetengewa kiti cha mbele kabisa. Anasema yote yalianza Alhamisi, alipofumbua jicho akamwona mzee mmoja anatambaa kwa magoti nyuma ya kwaya, amejisahau kabisa. Bibi alikuwa amesimama palepale. Akasema nitafika mapema.

Haya, Mungu, tuzungumze kama mafundi. Nimekuletea kanisa zima mikono juu, hata Fundi Kioo. Hilo si jambo dogo, na mimi sikuandikishi deni. Ila kuna kitu kidogo tu. Jioni ya leo, maombi yakianza, kata umeme. Wa kanisani peke yake. Wa huku kwangu uuache, nina pasi. Na wakileta mishumaa usihangaike, mishumaa niachie mimi.