Gari ya Bwana Harusi Ilivyonukia

Wenzangu, leo nimeaibika. Tena mchana kweupe, mbele ya tarumbeta!

Mnajua mimi ni mzito wa kusema. (Hata shikamoo naitoa nusu, nusu nyingine naimeza.) Asubuhi Fundi Mbaruku, anayenifundisha ufundi wa magari hapa Nguvumali, akaniita.

"Mwanangu, gari hii leo inampeleka bwana harusi Makorora. Flaiwili meno yamekwisha. Funga hii mpya, peke yako. Gari ikifika salama, nakupa spana zako mwenyewe."

Spana zangu mwenyewe! Nikasema "ewaa" kwa sauti ya panya.

Flaiwili ni ile sahani nzito ya chuma inayozunguka nyuma ya injini. Klachi ikiikamata, gari inakwenda. Nikaifunga taratibu, nikakaza bolti moja, kisha ya mkabala wake, mpaka zote. Fundi akaja kuzijaribu. Hakuna iliyocheza.

"Mashallah! Haya, malizia klachi," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Sifa ile ndiyo iliyoniponza. Nikaitazama flaiwili yangu. Imepakwa rangi nyeusi ya kuzuia kutu, lakini uso wa upande wa klachi wameuacha mtupu, unang'aa kama kioo. Nikauonea huruma. Chumvi ya upepo wa bahari hapa kwetu haisazi hata sindano! Nyumbani mama hupaka mafuta ya nazi kila chuma: cherehani, mbuzi ya kukunia nazi, bawaba za mlango. Ningemuuliza Fundi, lakini alikuwa na wageni. (Mimi na wageni mnatujua.)

Nikaupaka mafuta ya nazi. Vizuri kabisa. Nikafunika kwa klachi.

Baada ya alasiri bwana harusi akapanda na joho lake, bibi yake mzaa baba ubavuni. Fundi akashika usukani. Tarumbeta mbele, mimi nyuma, kifua nimekitoa. Gari ikaondoka vizuri mpaka kwenye kimlima cha msikiti. Hapo injini ikanguruma, gari ikasimama. Fundi akaongeza moto. Injini ikapiga kelele, gari tuli! Moshi ukatoka chini. Na harufu!

Harufu tamu. Harufu ya vitumbua!

Tarumbeta zikanyamaza. Mama mmoja akachungulia mlangoni: "Jamani, nani anakaanga saa hizi?"

Bibi wa bwana harusi akatoa kichwa dirishani. "Fundi, mwanangu, vikiiva uanze na mimi. Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni."

Njia nzima ikaangua kicheko. Bwana harusi alicheka mpaka kilemba kikaanguka.

Fundi akashuka, akanusa, akanitazama. "Umepaka nini?"

"Nazi..."

"Sema nisikie!"

"MAFUTA YA NAZI!"

Tangu nizaliwe sijasema kwa sauti vile. (Makorora wamesikia.)

Bwana harusi akaenda kwa miguu. Mimi nikasukuma gari kurudi gereji, watoto nyuma yangu wakinadi, "Vitumbua moto!"

"Klachi itashika nini kwenye mafuta?" Fundi akaniuliza, naye anajizuia kucheka. "Kesho fungua, osha kwa petroli, ufunge tena. Ikipanda kile kimlima, spana zako."

Jioni hii yule bibi ameniletea sahani ya vitumbua vya kweli. Nimekula vyote. Sasa nawaomba, wenzangu, mkipita gereji kesho, salimuni tu, mwende zenu. Msinuse.