Kovu la Shavuni

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa Elembiu

Chifu wetu Magimaro ametangaza leo: tufue sarafu zetu wenyewe, zifanane na za Warumi. Fundi atakayeshinda anapewa karakana ya mtoni. Atakayeshindwa atamvukutia mwenzake moto mwaka mzima! Tumejitokeza wawili: mimi, na Busuro mwenye ndevu na maringo. Nimvukutie Busuro? Thubutu! Mke wangu Brogimara kauliza kama nimewahi kuchonga hata mwiko. Dharau hizi!

Jumatano, tarehe 5

Nimempa Barbio, mwuza mvinyo wa Kirumi, mbwa wangu wa kuwindia. Kanipa dinari moja ya kunakili. Ina kichwa cha bwana mwenye pua ndefu, na mfuo uliochimbika shavuni. Siri yangu ni hii: Busuro anakisia, mimi nanakili kila kitu. Kila unywele! Na ule mfuo pia, tena nimeuchimba vizuri. Brogimara kauliza mkwaruzo ule ni wa nini. Nikamwambia mambo ya Kirumi hayawezi. Akaenda zake kulisha nguruwe.

Ijumaa, tarehe 7

Sarafu themanini! Zinang'aa! Nimepita mlangoni kwa Busuro mara nne nikizichezesha kifukoni. Za kwake nimezichungulia: kichwa kama kitunguu, na farasi wa upande wa pili ana miguu mitano. Maskini. Nimempa pole mapema. Hakushukuru.

Jumamosi, tarehe 8

Aibu! Barbio kaitwa azikague mbele ya watu wote. Kuona ya kwanza, kacheka. Ya pili, kashika mbavu. Akasema mfuo ule kautia yeye mwenyewe: aliipiga dinari yake patasi mwaka jana, apime kama ndani ni shaba. Sasa zote themanini zimepigwa patasi palepale! Busuro akaja kunipapasa misuli, eti aone kama mivukuto nitaiweza. Nilitamani ardhi inimeze.

Chifu akachukua sarafu moja. Akajishika shavu, pale alipochanwa na nguruwe mwitu zamani. Machozi yakamlengalenga. Akasema tangu azaliwe hajachongwa akafanana hivi! Busuro akaropoka kwamba kovu la chifu liko kushoto, la sarafu liko kulia. Lo! Chifu akamngurumia: anamfundisha sura yake mwenyewe, yeye anayejiona kila asubuhi kwenye karai la maji?

Karakana ni yangu! Nimeimba njia nzima mpaka nyumbani.

Jumatatu, tarehe 10

Busuro anavukuta, kavimba mashavu. Kaninong'oneza kwamba aliyeko juu mngoje chini. Wivu tu.

Chifu anataka sarafu nyingine, yenye sura ya mkewe, na kaapa kwamba nikiharibu nabadilishana kazi na Busuro. Brogimara kanisihi nikamtazame kwanza mama wa watu usoni. Ushauri wa mtu asiyejua kazi! Nimepata dinari safi yenye kichwa cha mwanamke. Nimeinunua kwa binti mmoja aliyekuwa kaitunga shingoni. Nimenakili kila kitu. Kilichonisumbua ni kile kitundu cha mviringo katikati ya paji la uso, lakini kimetoka vizuri kabisa. Kesho asubuhi nampelekea chifu mwenyewe.